Int Miaka: Orodha Niliyoichapisha Bariadi

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi, Meneja Utumishi aliondoa kitambaa kilichofunika kompyuta pekee ya ofisi, akaniambia, "Binti, umesomea lugha ya C. Tuone." Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi walikuwa wamefika hadi Mwandoya, na kiwanda chetu kilitafuta watu wa kupunguza.

Kwenu mnaoanza: kigeu ni nafasi ndani ya kompyuta unayoipa jina. Kwanza unakitangaza na kusema kitabeba nini. Namba nzima huitwa int. Niliandika int miaka. Kisha, ili ichapishwe, printf("%d", miaka). Ile %d hushika nafasi ya namba kwenye mstari. Programu ilisoma taarifa za wafanyakazi mmoja mmoja, ikachapa jina na miaka ya utumishi. Wenye chini ya mitano wangeondoka.

Fundi Masanja, aliyenoa misumeno ya mashine tangu sijazaliwa, alitoka na miaka miwili. Meneja akasaini.

Wiki moja baadaye niligundua kwa nini. Mwaka wake wa kuajiriwa haukuwa umeingizwa, na kigeu kisipopewa thamani mpya hubaki na ya zamani. Kilikuwa na miaka ya karani aliyemtangulia kwenye orodha. Nilikimbilia kwa Meneja.

"Orodha imeshakwenda makao makuu," alisema bila kuinua macho. "Nikigusa jina moja, watakuja wote. Kakae."

Nilipanda basi hadi Mwandoya, nyumbani kwa Masanja. Nilimkuta akitengeneza zizi.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane," aliitikia, akiniita mwanawe.

Nikamweleza yote. Aliweka shoka chini.

"Kwa hiyo kosa ni lako."

"Ni langu, baba."

"Basi niandikie. Watoto wangu wanadhani niliiba."

Niliandika palepale, nikaweka sahihi. Barua ilimfikia Meneja, na mimi pia nikaondolewa. Nikaishia kufundisha kompyuta sekondari hadi nilipostaafu. Masanja hakurudishwa kazini. Alizikwa kabla kiwanda hakijafungwa.

Wanafunzi wangu walisema ningeanza na sifuri. Sifuri nayo ingemfukuza. Ningeandika int miaka = -1; upya kwa kila mfanyakazi, kwa kuwa hakuna mtu mwenye miaka hasi moja kazini, na yeyote aliyeisoma karatasi ile angesimama akauliza.

Au wangesaini hivyo hivyo. Sijui.