Chungu cha Yule Mama

Msimu wa kwanza wa ile hadithi ya televisheni tuliutazama tukiwa wengi mpaka ukuta wa nyumba ya Jakom ukaanza kufura kama unga wa mandazi. Siongezi. Nyumba za kambi yetu ya majani chai ni chumba kimoja na jiko. Mle ndani, Jumapili baada ya kanisa, tulikaa juu ya kitanda, chini ya meza na kwa dirisha, na kuna mtu ninaamini alitazama msimu mzima akiwa amening'inia kwa msumari wa koti. Jakom ni cheo tulichompa mwenye nyumba. Kwa lugha ya kwao, kule ziwani, ni mwenyekiti. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote isipokuwa ile televisheni.

Hadithi yenyewe ilitoka ng'ambo, ikafika kwetu kwa flashi kutoka duka la muvi mjini. Ilikuwa ya nchi ambayo mvua yake imeibwa na ndege wanaotema moto, wenye mabawa mapana kama shamba, na koo zinauana juu ya ngoma ya kuirudisha. Kulikuwa na wachawi, farasi wenye maoni, na mfalme anayeishi chini ya maji. Dereva wa trekta, mtu wa hapa hapa Kericho, alipenda ndege. Mimi nilipenda vita. Jakom alimpenda mjane mmoja tu. Maadui walichoma kijiji chake, naye akaokota kaa la moto kutoka jiko lake, akalitia kwa chungu, akaapa kulirudisha siku moja na kuwasha jiko pale pale. Kila msimu anatembea. Analilisha vijiti, analipuliza, analikinga upepo kwa leso yake. Wafalme wanakufa kulia na kushoto, yeye anapuliza.

"Huyo ni mtu wa kwetu," Jakom alisema. "Aliyeandika hii amewahi kufika kwetu."

Alitueleza. Kwao, mwanamume hatoki kwa boma la baba yake hivi hivi kwenda kuanza lake. Anatoka asubuhi na jogoo mkononi, kijana wake mkubwa amebeba shoka, mke wake amebeba moto. Wanajenga siku hiyo, wanalala hapo. Ukifa kabla hujafanya hivyo, hata uwe na mvi mpaka kwa masikio, unazikwa kwa baba yako, kando, kama kijana ambaye hajaanza maisha. Na Jakom alikuwa amezeekea kwa nyumba ya kampuni. Shoka alikuwa ameshanunua. Ilikaa imefungwa kwa gunia chini ya kitanda, na mimi nimeikanyaga mara nyingi kuliko ngazi za kiwanda.

Mimi ndiye nilikuwa mtafsiri. Nilikuwa nasoma shule ya jioni kule senta baada ya zamu ya kunyausha majani, na Kiingereza changu kilikuwa bado kinatembea na magongo, lakini pale kambini hakukuwa na kingine. Kwa hivyo waliniita Profesa. Nilisimama kando ya televisheni na mwiko wa ugali, nikionyesha. Ndege akichoma watu kumi, mimi nasema elfu. Mfalme akisema "ondoka", mimi nampa hotuba ambayo chifu mwenyewe angeomba nakala.

"Profesa, punguza chumvi!" dereva wa trekta alipiga kelele. "Presha yangu iko juu!"

"Ongeza!" wamama wa kuchuna majani walimjibu. "Presha ni yake, chumvi ni yetu!"

Hiyo ilikuwa misimu mizuri. Halafu zikaja mashine za kuchuna majani, na kila msimu mpya tulipokutana, nafasi zilikuwa zimeongezeka kwa kitanda. Wengine walirudi kwao, wengine walienda kulima mahindi ya watu upande wa Mulot. Yule wa msumari akaondoka, msumari ukabaki. Na ugonjwa wa sukari ukamaliza macho ya Jakom, polepole, mpaka siku moja akauliza kwa nini hatujawasha televisheni, na ilikuwa inawaka.

Hakuacha kukaa mbele. Alikaa kwa kiti chake kilekile, uso umeelekea skrini, akisikiliza. Na ndiye aliyegundua kwanza kwamba hadithi inaharibika. Sisi wenye macho tulikuwa tumepumbazwa na moto. Ndege walikuwa wamekuwa wakubwa zaidi, majeshi yamejaa skrini mpaka ukingoni. Yeye akainamisha kichwa.

"Hawaongei tena," akasema. "Zamani watu wawili wanakaa chini, wanaongea mpaka unajua ni nani atamuua mwenzake. Sasa ni kelele tu. Na yule mpiganaji wa magharibi amefikaje kwa mfalme leo? Msimu wa pili hiyo njia ilimchukua mpaka viatu vikaisha."

"Labda alipata lifti," dereva akasema.

Tukacheka. Lakini kuanzia hapo mimi nikaanza kuongea kwa niaba yao. Wakinyamaza, ninajaza. Mjane akipita tu kwa sekunde, ninampa sala, ninampa kumbukumbu za mumewe, ninampa mazungumzo na kaa lake. Niliandika msimu mzima kwa mdomo, na hakuna aliyenilipa hata chai.

Halafu msimu wa mwisho ukachelewa. Walisema mwaka huu, wakasema ujao. Wakati huo Jakom alikuwa ameshaachishwa kazi, na barua ya kurudisha ufunguo wa nyumba ilikuwa imefika. Alienda kwa nyapara wa kambi, ameshikwa mkono na mkewe, akaomba aongezewe muda. Akaongezewa. Akaomba tena. Mkewe hakuwahi kukaa nasi kutazama. Alichambua maharagwe mlangoni, mgongo kwetu, lakini alijua kila kitu.

"Tutaenda lini kuwasha moto wetu?" alimuuliza mbele yangu.

"Mama, ngoja yule afike kwanza. Nitaendaje bila kujua?"

"Yule hana mume wa kumchelewesha," akasema, akaendelea na maharagwe.

Msimu ulipofika, nyapara alikuwa ameshasema hiyo ni mara ya mwisho, na lori la kubeba vitu lilikuwa la kesho yake. Tulitazama sehemu zote alasiri ile moja. Tulikuwa tumebaki wachache sana, hata dereva alilala kitandani ameweka miguu juu ya mto. Ilipofika sehemu ya mwisho, Jakom akaninyooshea mkono.

"Profesa, omera, ndugu yangu. Leo usiongeze. Nimekuwa nikijua maneno yako ni yapi na yao ni yapi, nikanyamaza kwa sababu yako ni matamu. Leo sema vile wanasema tu."

Basi nikasema vile wanasema tu. Mungu wangu, haikuwa kazi nyingi. Ngoma ikapatikana kwa mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Ndege wakafa wote kwa mshale mmoja, na hapo hata mimi, bingwa wa chumvi wa nchi nzima, niliona aibu. Halafu mvua ya kwao ikanyesha, na yetu, kama kwa dharau, ikanyesha pia, mvua ya mawe ya Kericho, makubwa ya kuua ng'ombe aliyevaa kofia ya chuma. Mabati yakapiga kelele. Nikainama nikawa napaza sauti kwa sikio la Jakom.

"Kuna sherehe! Watu wanakula!"

"Na yule mama?"

"Yuko! Amekaa mezani. Amevaa nguo mpya!"

"Chungu?"

Nikaangalia. Nikaangalia kando yake, chini ya meza, nyuma yake. Alikuwa ameshika kikombe.

"Hakuna chungu, Jakom."

"Angalia vizuri."

"Hakuna."

"Amefika kwake? Amewasha?"

"Hawajaonyesha. Hawajasema. Ni kama wamesahau."

Akageuza uso kutafuta dereva. "Wewe una macho. Huyu anaongeza au anapunguza?"

Dereva alikuwa ameketi sasa. "Jakom, hakuna chungu," akasema. "Anacheka tu na watu."

Majina ya waigizaji yakaanza kupanda, na mvua ikaacha ghafla, vile huacha huku.

"Mtu hawezi kubeba moto miaka hiyo yote halafu asahau," Jakom akasema. "Kuna kipande kimekatwa. Profesa, wewe unajua Kiingereza. Utaniulizia."

Kesho yake tulipakia lori. Televisheni aliniachia mimi. Shoka alipanda nayo mbele, ameilaza kwa magoti.

Nilimuulizia kweli. Kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka niliwakuta watu wa dunia nzima wakilalamika juu ya chungu, kwa lugha ambazo zingine zilikuwa kama mguu wa kuku umepita juu ya unga. Hakuna aliyejibiwa. Kila Jumapili Jakom alinipigia. "Wamesema nini?" "Bado." Nilimuuliza kuhusu boma. Kijana wake mkubwa alikuwa anatafutiwa likizo, miti ilikuwa inatafutwa, mguu wake ulikuwa na kidonda kidogo. Kidonda kilikuwa kidogo Jumapili hii na kidogo Jumapili ile, halafu wakaukata mguu, halafu Jumapili moja aliyepiga simu alikuwa mkewe.

Tulienda mazikoni kwa gari moja, wale wachache wa kambi na wengine tuliowaokota njiani. Alizikwa kwa baba yake, kando. Hakuna aliyelieleza jambo hilo na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mbele ya nyumba ya baba yake kulikuwa na moto mkubwa wa magogo, vile huwashwa mwanamume akifa. Walipasua yale magogo na shoka yake. Niliiona imeegemezwa ukutani, imeanza kupata alama.

Baada ya kaburi kufunikwa tulikaa karibu na moto na sahani za wali, na haikuchukua muda.

"Mimi nasema yule mjane alilizima kaa lake mwenyewe," dereva akaanza. "Alipoona amepata kiti kwa mfalme."

"Hawezi! Aliliacha kwa yule mtoto wa darajani, msimu wa tatu."

"Yule mtoto alikufa, wewe ulikuwa unalala."

Wakanigeukia. Walitaka Profesa aseme, na mwisho mzuri nilikuwa nao, niliutengeneza njiani tangu Chepilat, ungetosha msimu mwingine. Mke wa Jakom alikuwa amesimama nyuma yetu na birika. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi.

"Mlitazama wote na hamkuona chungu?" akaniuliza.

"Hatukuona, Mama."

"Na yeye aliwaambia nini?"

"Kwamba kuna kipande kimekatwa."

Akanimiminia chai mpaka ikafika juu. Halafu akaweka birika chini, akainama, akaanza kusukuma gogo lililokuwa limeteleza nje ya moto. Dereva akainuka kumsaidia, naye akamwambia akae tu, ale.

"Moto wetu, mimi ndiye ningeubeba," akasema.