Mafuta ya upako kwenye kompyuta ya binti

Saa mbili asubuhi, Mama Pasi amekwisha kunyoosha mashuka thelathini, na mkokoteni mwingine unasukumwa hadi mlangoni. Mvuke umemlowesha uso. Wenzake katika chumba hiki cha kufulia wanapiga soga za waume na mishahara. Yeye anakunja, anapanga, anashika lingine.

"Huyu ndiye alikuwa redio yetu," anasema msimamizi wake. "Siku hizi umtanie usimtanie, anakuitikia 'mm' tu."

Mwenyewe anajua kilichomfunga mdomo. Bintiye wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa, hajamsemesha, hii ni wiki ya saba. Na wanaishi chumba kimoja, kimegawanywa kwa pazia.

Binti huyo hatembei tangu gari lilipomgonga miaka mitano iliyopita. Mama alijibana miaka miwili akamnunulia kompyuta ya mtumba, asome. Akasoma, kisha akagundua gemu la mapanga, mazimwi na wachawi, analocheza na vijana wa mbali kupitia mtandao. Vicheko vikarudi nyumbani. Mama akafurahi, mpaka Jumapili moja mchungaji alipohubiri kwamba michezo ya kuua na ya uchawi huuzoesha moyo giza.

"Nilirudi nimetega masikio," anasema. "Nikamsikia nyuma ya pazia: 'Muueni haraka, mimi namfufua huyu!' Kufufua? Si kazi ya Bwana hiyo, jamani?"

Hakumuuliza binti kitu, na hilo ndilo linalomtafuna. Aliwaita akina mama wanne wa kundi lake la maombi. Wakaja Alhamisi mchana, wakaimba, wakakemea, na kompyuta ikiwa inawaka wakaimiminia chupa nzima ya mafuta ya upako kwenye matundu ya hewa. Ikalia paa! Moshi ukatoka. Mmoja akapiga kelele, "Limetoka!"

Binti, ambaye hata kuinuka azuie hakuweza, alilia mara moja tu: "Mama, wenzangu!" Baada ya hapo, kimya.

Fundi aliifungua, akatikisa kichwa: "Mama, hii mmeikaanga." Mchungaji naye alishika kiuno. "Nilisema mzungumze na watoto wenu," alimwambia. "Nani aliwatuma na chupa?"

Wiki iliyofuata ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya binti, mama akausikia. Msichana asiyemjua alikuwa akisema, "Dada, tangu upotee tunakufa tu. Hatuna wa kutuinua." Mama alidhani watu wanakufa kweli, akamkimbilia fundi. Fundi akaanza kucheka, akaona machozi, akaacha. Akamweleza kwamba katika gemu hilo kila mchezaji ana kazi yake, na bintiye hakuwahi kushika panga. Alikuwa tabibu.

"Kuua, hata kwa mchezo, kunanichukiza mpaka leo, sitasema vingine," anasema Mama Pasi, pasi ikiwa hewani. "Lakini mwanangu alipata mahali anapohitajiwa. Nikamfungia mlango, tena kwa jina la Yesu. Ee Mungu wangu, sina pa kuweka uso."

Anadunduliza ili anunue nyingine; kwa hesabu yake, itamchukua miezi kumi na minne. Ila binti amekwisha kumwambia mama yake mdogo kwamba hata zije kumi hatazigusa. "Kwa mama siwezi tena kuwa na kitu changu," alisema.

Kila asubuhi Mama Pasi humwogesha, humvalisha, humgeuza ubavu wa pili asipate vidonda. Binti huacha ashikwe, macho ukutani. Kanisani mama bado huenda, ila kundi la maombi ameliacha, na ombi lake limebaki moja.

"Siombi anisamehe, naona haya," anasema. "Naomba anitukane. Aniite mjinga, aniite mchawi mimi. Au hata siku moja tu, nikimgeuza, aseme, 'Mama, unaniumiza.'"