Salfa Inayoujua Mkorosho Unaoumwa

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali hapa Lindi, nasubiri kupimwa presha. Pembeni yangu alikaa mama mmoja, mkulima wa Milola, na barua ya rufaa ya kwenda kutibiwa saratani ya titi Dar. Alikuwa ameikunja mpaka imekuwa kama hirizi.

"Shikamoo mama," daktari kijana alimwamkia. "Kumbe hujaenda?"

"Marahaba. Dada yangu alitundikiwa dripu za huko, nywele zote zikapukutika. Ugonjwa uko titini, nywele zina kosa gani?"

Daktari akachuchumaa. Akamweleza kuwa watafiti wanatengeneza chembe ndogo mno. Zinapita kwenye damu, zinakusanyika kwenye uvimbe, zinauonyesha kwenye picha na kumwaga dawa palepale, kisha zinayeyuka mwilini.

Mama akainua mkono kama aliyeshika bomba la kupulizia mikorosho dawa. "Sisi salfa tunapuliza shamba zima, mpaka kope zinawasha. Hiyo yenu inaujua mkorosho unaoumwa?"

"Ndicho wanachotafuta."

"Na ikimaliza kazi haibaki majanini?"

"Haibaki."

"Ipo Dar?"

"Bado wanaijaribu, mama. Iliyopo ni ile ya dada yako. Yuko wapi sasa?"

"Kitomanga. Anabangua korosho."

"Na nywele?"

"Anasuka."

Mama akaikunjua barua, akainyoosha pajani. "Basi nipulizieni shamba zima. Hiyo nyingine ikifika, mniite niione."

Nami nimeomba niitwe. Chembe inayoweza kuutafuta uvimbe ndani ya mtu haiwezi kushindwa kuitafuta Lindi.