Mikono Mitupu ya Anjana

Mwaka sabini na nne, fundi mkuu wa karakana ya kupaka vyuma nikeli nyuma ya Mtaa wa Msimbazi alihamia London. Katika karakana hiyo ndipo usukani wa baiskeli ulipovalishwa mng'ao wa kudumu. Siku hizi tunanunua mng'ao unaobanduka kabla ya Idi, na tunasema tumeendelea.

Fundi alipoondoka, Anjana, mke wa Harshad mwenye karakana, akasema pau mpya za kupeleka umeme kwenye beseni la kuchovya vyuma atazifunga yeye. Fito za mviringo alizikataa. Akachagua shaba bapa, pana, akazipanga mbilimbili na kuacha nafasi hewa ipite.

"Umeme huu hautakurusha," alimwambia Shaibu, kibarua wa kutoka Lindi, "lakini ni mwingi mno. Ukikuta kiungo kichafu, unaunguza."

Wakasugua viungo kwa msasa. Kisha Anjana akavua bangili zake, akaziweka mezani. Wiki iliyotangulia spana ilidondokea pau mbili za zamani kwa pamoja, ncha ikayeyuka kama nta. Bangili nayo hupitisha umeme, na ndani yake mna mkono.

Mavyaa wake, Bi Shobhana, ambaye wote walimwita Ba, yaani mama, akaingia na chakula kutoka Upanga. Kwao mke huvua bangili siku anapofiwa na mume.

"Umemzika mwanangu!"

"Ba, si huyo hapo anatafuna karanga?"

"Niko hai, Ba," Harshad akasema. "Njaa tu."

"Marehemu anaomba pilipili," Shaibu akanong'ona.

Shobhana hakucheka. "Zivae sasa hivi, au usikanyage nyumbani kwangu."

"Sizivai nikiwa kwenye pau. Nimeolewa na mwanao, sikuolewa na bangili."

Shobhana akazichukua bangili mezani, akazifunga kwenye pindo la sari yake. "Utakuja kuziomba kwa magoti."

Harshad akatazama chini. Anjana akakaza boliti ya mwisho, akawasha mwenyewe, akapitisha kiganja juu ya kila kiungo. Shaba ilikuwa baridi. Shobhana alikuwa ameshaondoka. Ubaridi wa shaba haukumhusu.

Jioni Anjana alipanda ngazi za nyumba ya Upanga walimoishi pamoja. Shobhana alikuwa sebuleni, bangili mapajani, akingoja.

"Shikamoo, Ba."

Shobhana akazitikisa bangili zilie.

Anjana akavuta kiti chake cha siku zote, akaketi, akajimiminia chai kwa mikono ile mitupu. Hakuziomba. Asubuhi akashuka kwenda Msimbazi, mikono vilevile, barazani majirani wote wakimtazama.