Ujumbe wa Mwalimu Aliyechoka

Mpwa wangu ni mwalimu wa hesabu katika shule ya serikali, na kila akisifiwa mjue nusu ya sifa ni zangu, maana kidole cha kwanza kumwonyesha simu inavyowashwa ni hiki changu. Mimi shule niliiacha njiani, lakini simu hainibabaishi.

Jioni anarudi na chaki mpaka kwenye nyusi. Havui hata viatu. Anajitupa kitini sebuleni, anatoa simu, anaanza kazi ya pili. Ofisi ya elimu imeagiza kila mwalimu awatie moyo wanafunzi wake kwa ujumbe kupitia simu za wazazi, na maneno yenyewe yameletwa yakiwa yamepikwa tayari: "Wewe ni nyota. Usikate tamaa." Mama mmoja aliupokea akapiga simu roho mkononi: "Mwalimu, kwani mwanangu kapatwa na nini mpaka aambiwe asikate tamaa?"

Aliyemnyima raha zaidi ni msichana mmoja wa darasani kwake, wanamwita Sindano kwa wembamba wake. Alipata sifuri kwenye jaribio la hesabu, akajifungia nyumbani kwa aibu. Mwalimu akamtumia nyota zote za ofisi kupitia simu ya mama yake. Kimya. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani wa taifa. Asipofika mwenyewe, mwaka wake umekwenda na maji.

Siku mbili kabla, nikamkuta mwalimu ameinamia simu anarekodi sauti. Maneno ya ofisi hayakuwemo.

"Sindano, mimi nimechoka. Leo sina maneno mazuri. Kiti chako nakitazama mpaka shingo inaniuma. Hiyo sifuri tutaitafutia dawa, lakini siwezi kufundisha kiti. Njoo basi, na mimi nipate usingizi."

Akaacha kurekodi. "Mwalimu gani anaongea hivi," akasema, akanisukumia simu huku amefumba macho. "Mjomba, hebu ifute hiyo."

Nikaitazama. Kioo kizima vumbi la chaki. Nikavuta pindo la shati langu nikaifuta vizuri, juu mpaka chini, kama meza ya wageni. Simu ikalia.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimefuta."

"Umetuma."

"Basi si umefika ukiwa safi."

Hakucheka. Hakunigombeza pia, na hapo ndipo nilipoogopa, maana kwa kunigombeza mpwa wangu hajambo. "Wakiusikia ofisini, kazi sina," alisema polepole, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake, kimya. Ijumaa, katika kipindi cha pili, mlango wa darasa ukasukumwa. Sindano amesimama, sare imepigwa pasi, macho chini.

"Tumeusikiliza mimi na mama," akasema. "Mama kasema mwalimu wa watu asije akaugua kwa ajili yangu."

"Kwa hiyo umekuja kusoma au kunitazama hali?"

"Nimekuja ili ukalale, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye, kwa mara ya kwanza muhula ule. Akampeleka ofisi ya shule akaandikishwa, akarudi naye, akamkalisha mbele kabisa. Kulala hakulala. Alikuwa na vipindi vingine vitatu, na ile sifuri ilikuwa palepale, inawangoja wote wawili.