Matanga ya Diski ya Mama Margarita

Kwanza tuelewane: Jada Constantino wa Koboko si mjinga. Mjinga angetengeneza printa aliyoitiwa, akanywa chai yake, akarudi kwao salama. Jada ni fundi kompyuta, na mafundi wana ugonjwa wao: hawawezi kuona kitu kizima wakakiacha kikae kwa amani.

Marehemu baba yake alikuwa askari. Alirudi kutoka jeshini na vitu viwili, buti na Kiswahili cha kambini, vyote akamrithisha mwanawe. Buti zilikwisha. Kiswahili kipo mpaka leo, na kwa hicho Jada amejijengea jina pale sokoni Koboko, kwenye kibanda kilichoandikwa DAKTARI WA KOMPYUTA kwa rangi nyekundu. Ana mdomo, bwana! Anaweza kukurudishia simu ikiwa imekufa vilevile na ukamshukuru. Mdomo huo ndio uliompatia Patricia, binti wa Mama Margarita wa Dadamu, nje kidogo ya mji wa Arua. Na mdomo huohuo nusura umkoseshe.

Mama Margarita ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mjane, na kiongozi wa kwaya ya kina mama. Tangu siku za kambi ya wakimbizi amekuwa akirekodi nyimbo za bibi zao, na zote amezihifadhi kwenye kompyuta moja iliyo sebuleni kwake, chini ya kitambaa cha kufuma. Nakala nyingine hakuna. Wengi wa waimbaji hao wamekwisha kufa, akiwemo Bibi Emilia, mama yake mzazi. Patricia alikuwa amemwonya mchumba wake mapema.

"Mama bado anakupima," alimwambia. "Ukiharibu kitu katika nyumba ile nitakulilia, lakini sitakufuata."

Sasa Jumamosi aliyoitwa kwa Mama Margarita, printa ilipona haraka mno. Patricia alikuwa amekaa pale anamtazama, na mwanamume akitazamwa na mchumba wake, akili huenda matembezi. Jada akatoa flashi mfukoni.

"Hii madabodi yenu iko ya zamani sana," akasema. "Mimi nafanya apdeti, itakuwa mupya kabisa."

Nani alimwomba? Hakuna. Apdeti ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ikaenda vizuri mpaka mwisho. Mashine ikajizima, ikawaka, kisha kioo cheusi kikaandika kwa herufi nyeupe kwamba hakuna diski ya kuwashia.

Akazima, akawasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Akaweka waya mwingine. Akakipiga kile kisanduku kofi dogo, halafu kubwa. Diski, yenye nyimbo zote, haionekani.

Mama Margarita alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amempa mgongo. Si kiburi. Katika nyumba ile mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Neno hupita kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamo katika chumba ambacho mbuzi wawili wangegombania nafasi.

"Patricia," akasema Mama, "uliza huyo mutu, kitu iko namna gani?"

Jada akatazama sakafu. Ukweli alikuwa nao mdomoni, tena mfupi. Akaumeza.

"Ambia Mama, diski imekufa. Jenereta yenu ndiyo imeua."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: aichomoe diski, aende nayo Koboko, aijaribu kwenye mashine yake kimyakimya. Akaomba ruhusa. Mama Margarita akavuta kitenge kabatini, akaifunika kompyuta yote.

"Ambia yeye," akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika, "maiti hapana toka kwa nyumba kabla watu hawajakuja."

Na watu wakaja! Kina mama wa kwaya, na mikeka yao, na sufuria zao, na maharage. Wakakaa chini kuizunguka kompyuta, wakaanza kulia. Mnacheka? Hata mimi nilicheka, mpaka nilipoambiwa habari za mmoja wao, Agnes Keji. Mama yake Agnes alifia njiani wakati wa kukimbia, wakamwacha chini ya vichaka bila kaburi. Wimbo wake mmoja tu ndio uliookoka, na ulikuwa ndani ya diski ile. Agnes alikuwa akija kila Jumapili kuusikiliza kama wengine wanavyokwenda kufyeka majani kaburini. Sasa cheka tena tukuone.

Jada naye hakuachwa. Msiba wa ukweni una sheria zake: mkwe hakai bure. Analeta mbuzi, anapasua kuni. Akaenda Koboko, akarudi nyuma ya bodaboda na beberu mapajani, na beberu huyo akamkojolea suruali kuanzia mwanzo wa safari. Jada hakulalamika. Aliona amestahili.

Kesho yake alipasua kuni tangu asubuhi, mpaka viganja vikavimba. Kina mama wakamwonea huruma.

"Angalieni huyu kijana," akasema Agnes Keji. "Kweli iko na uchungu ya familia. Patricia, ongeza yeye sukari."

Muuaji ananyweshwa chai ya matanga, tena yenye sukari nyingi! Kila sifa ilimchoma. Alitamani wamtukane.

Mchana Mama Margarita alitoka jikoni na ndoo, akapita karibu na gogo la kuni. Jada akafanya kama desturi inavyotaka: akasogea kando, akainamisha kichwa, akatazama vidole vyake vya miguu. Mama naye akageuza uso, akapita. Jada alijua kabisa Mama yuko wapi, amevaa nini, ndoo iko mkono gani. Alimwona vizuri sana. Ila hakumtazama.

Shoka likabaki hewani.

Apdeti ilikuwa imerudisha setingi zote mwanzo. Madabodi haikuwa kipofu; diski iliiona. Sasa ilikubali kuwashwa na diski zilizotayarishwa kwa mtindo mpya tu, na diski ya Mama Margarita ilitayarishwa kwa mtindo wa zamani. Ilikuwa inaipita na kichwa chini, kwa adabu zake za kipumbavu! Na yeye, daktari mzima, hakufungua hata ukurasa wa setingi. Hofu ilimtuma kupiga makofi.

Akamvuta Patricia nyuma ya jiko, akamweleza.

"Kwa hiyo haikufa?"

"Labda haikufa."

"Na jenereta?"

Jada akaokota kibanzi cha kuni, akakivunja.

"Jada. Na jenereta?"

"Jenereta hapana fanya kitu. Ni mimi."

Patricia alimtazama kama anavyotazama nyanya iliyooza chini ya fungu, baada ya kuinunua.

"Nenda ukawashe," akasema. "Halafu utasema mwenyewe. Kwa hilo mimi si mdomo wako."

Alipokivuta kile kitenge, mama mmoja alipiga yowe kwamba anafunua maiti. Jada hakujibu. Akawasha, akaingia kwenye setingi, akairuhusu madabodi kupokea diski za zamani, akahifadhi. Mashine ikajizima. Ikawaka, na safari hii picha ya kwaya ikatokea kwenye kioo, wote wamo, na sare zao za kijani.

Akafungua wimbo wa kwanza aliouona. Kikasikika kikohozi, kisha sauti ya bibi kizee, kali kama pilipili: "Margarita! Hii kitu yako iko nasikia mimi? Toa kuku kwanza!" Halafu Bibi Emilia akaanza kuimba.

Msiniulize vilio vya pale. Vigelegele na machozi vilichanganyika. Agnes Keji alimkumbatia Jada na suruali yake ya mkojo wa beberu. "Mkwe amefufua!" wakapiga kelele. "Mkwe amefufua!"

Hapo kunyamaza kulikuwa rahisi. Shujaa alikuwa amekwisha patikana, na nyama ilikuwa jikoni. Lakini Patricia alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, anangoja. Jada akausimamisha wimbo. Kwa kuwa hakuwa na wa kumpitishia neno, akaliambia kabati.

"Diski hapana kufa. Mimi nilifanya apdeti bila kuambiwa, nikaharibu setingi. Jenereta haina kosa. Nilidanganya."

Hata waliokuwa wanalia waliacha. Mama Margarita alikuwa amempa mgongo, na mgongo ule haukutikisika. Jada alihisi Patricia anamponyoka, akamwonea Patricia huruma, akajionea huruma mwenyewe zaidi.

"Patricia," Mama akaita.

"Ee, Mama."

"Ambia huyo mutu: baba yako wewe, Patricia, alinidanganya mpaka siku aliingia kaburi, na hata kuku hapana leta. Huyu uongo imemushinda kwa siku mbili." Akajifuta macho na ncha ya kanga, bado ameangalia ukuta. "Mbuzi tunakula. Na ambia yeye awashe tena. Mama yangu bado hapana maliza kuimba."