Thaa ya Zuhura

Jamani, hili nalisimulia uso nimeuinamisha, maana aibu nyingine mtu huzizoea, hii bado sijaizoea.

Mimi ni ustadhi wa madrasa hapa Dunda. Siku hiyo walikuja watafiti wa masikio na daktari wao, wakafunga mashine yao ukumbini, watu wakaiogopa (kuna aliyesema inanyonya usikivu), basi kwa kiherehere changu nikasema naanza mimi, muone haiumi. Nikavalishwa hedifoni, nikaambiwa kila nikisikia mlio ninyooshe mkono. Milio minene nikainyooshea vizuri, huku nawatania watu, kisha kimya. Nikangoja, kimya. Nikapayuka, "Daktari, mashine yenu imekufa, msitupotezee muda!"

Zuhura, mwanafunzi wangu wa miaka kumi, alikuwa na mama yake benchi la mbele. Akasema kwa adabu, "Ustadhi, inalia. Hata huku tunaisikia."

Watu wakacheka, nami nikajichekesha. Daktari hakucheka. Akaniuliza kazi ya ujanani, nikamwambia miaka minane kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akataka tukazungumze nje, nikakataa (mjinga mimi), sema hapahapa, sina siri. Akasema: ndani ya sikio mna kitu kimejikunja kama konokono, kina vinywele vinavyotikiswa na sauti, na vile vya mlangoni, vinavyopokea milio myembamba, ndivyo hufa kwanza kwa makelele ya mashine, wala havioti tena.

"Sauti nene utazisikia, Ustadhi. Zinazokupotea ni nyembamba, kama za herufi sini, kama thaa."

Watu wakageuka kumtazama Zuhura, maana wote walijua. Mwezi mzima nilimsimamisha Zuhura mbele ya wenzake, "Thaa, si faa! Toa ulimi!", mtoto anautoa, analia, nami nasikia faa tu, mpaka nikamwondoa kwenye mashindano ya kusoma Kurani.

Mama yake akanitazama. "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anasema sawa?"

Nikainamisha uso.

Baada ya alasiri nikaenda kwao kuomba radhi. Mama yake akanikaribisha vizuri, akanipa kiti.

"Tumekusamehe, Ustadhi. Ila Zuhura sasa hataki kuja chuoni kwako, na hapa nyumbani anasoma moyoni tu. Ukimwambia atoe sauti, anafumba mdomo."

Nimeapa simsahihishi tena mtoto wa mtu kwa masikio haya peke yake, namweka mwanafunzi mkubwa kando anisikilizie. Zuhura amerudi chuoni, Alhamdulillahi. Lakini anasoma kwa kunong'ona, na mnong'ono wake mimi siusikii hata kidogo.